Chakula cha kulipia kabla safarini: Tunanunua raha au tunajifunga kamba?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi. Kila likizo inapokaribia, barua za safari huanza kuingia majumbani mwetu, hapa Arua na kule Koboko. Mtoto anarudi na karatasi mkononi, macho yanamng'aa. Wanakwenda Kampala na Entebbe! Watapanda bembea na magari ya kugongana, wataona simba na sokwe kwenye zuu ya Entebbe, watapanda mnara wa Msikiti wa Taifa pale Old Kampala. Mzazi gani hatafurahi? Lakini chini kabisa ya karatasi kuna mstari mmoja ambao wengi wetu tunaupita haraka: chakula kimo ndani ya ada, ada ni moja kwa wote, na pesa ikishalipwa hairudi.

Mstari huo ndio tunaotaka kuuzungumzia leo. Tunasema wazi tangu mwanzo: kwa familia zetu za West Nile, chakula cha kulipia kabla katika safari za namna hii mara nyingi ni hasara. Hasara ya pesa ni ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba unapolipia chakula ambacho hujakiona, unauza haki yako ya kuuliza.

YALIYOTUPATA

Hatusemi kwa kusikia. Tulipeleka watoto wa madrasa safari ya siku mbili baada ya Idd. Ada ilikuwa shilingi 160,000 kwa kila mtoto, na kati ya hizo 60,000 zilikuwa za chakula, milo minne. Chakula kiliagizwa na kulipiwa wiki tatu kabla, katika hoteli moja njiani kwenda Entebbe. Tuliona tumefanya jambo la maana. Tukasema, sasa hakuna wa kuhangaika na sufuria.

Basi lilitoka Arua usiku. Watoto wa Koboko walikuwa wameshasafiri kilomita kama 55 kabla ya kuungana nasi, kisha ikabaki safari ya karibu kilomita 500. Tulifika Kampala asubuhi, tena ilikuwa Ijumaa. Nani atafika Kampala siku ya Ijumaa na watoto wa madrasa asiwapeleke Old Kampala? Msikiti ule una historia ambayo watoto wa Koboko wanapaswa kuijua. Ulianzishwa wakati wa utawala wa Idi Amin katika miaka ya 1970, ukakaa miaka mingi bila kumalizika, hadi ukamalizwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Watoto walisali Ijumaa, wakapanda mnara, wakaona vilima vya Kampala. Alhamdulillah, hilo halina bei.

Lakini mlo wetu ulikuwa umepangwa saa saba mchana. Tulipotoka msikitini na kupita msongamano wa magari tulifika hotelini saa tisa na nusu. Kundi jingine lilikuwa limekwisha kula. Tulikuta wali uliopoa, kabichi, na masufuria mawili ya nyama yaliyobaki chini. Mtoto mmoja wa darasa la sita akauliza kwa adabu kabisa, "Ustadh, hii nyama nani kachinja?" Ustadh akamwuliza mpishi. Mpishi akamwangalia mwenzake. Mwenzake akasema nyama huletwa na gari. Gari la nani, kutoka wapi, hakujua. Hatukusema nyama ile ni haramu, kwani hatukuwa na ushahidi. Wala hatukuweza kuwaambia watoto wa watu kwamba ni halali, kwani hatukuwa na ushahidi wa hilo pia. Watoto wakala wali na kabichi.

Tukaomba turudishiwe angalau sehemu ya pesa. Tukajibiwa kwamba chakula kilikuwa tayari saa saba na sisi ndio tuliochelewa.

Sasa sikilizeni linalouma. Saa moja kabla ya hapo tulikuwa tumesimama Old Kampala. Pale chini ni Kisenyi, mtaa wa ndugu zetu Wasomali, ambapo unaweza kula wali na mbuzi, chapati, samaki, na mwenye mkahawa ukimkuta anatoka swala moja na wewe. Tulipita mbele ya milango hiyo watoto wakinusa pilau. Mama mmoja miongoni mwetu akasema, "Tule hapa, jamani." Tukamjibu, "Hajati, tumeshalipa kule." Neno hilo, tumeshalipa, ndilo lililotupitisha mbele ya chakula cha moto tunachokijua, likatupeleka kwenye chakula cha baridi tusichokijua.

Na kuna aliyebaki nyumbani. Mjane mmoja wa Koboko, anayeuza simsim sokoni, ana watoto wawili katika madrasa yetu. Alileta 160,000 za mtoto wa kiume. Za binti hakuwa nazo. Akauliza, "Nikimfungia binti yangu chakula chake mwenyewe, mtampokea kwa laki moja?" Tukamwambia ada ni moja. Binti alikuja asubuhi kumsindikiza kaka yake kwenye gari. Hakulia. Alimkabidhi kaka yake mfuko wa karanga, akarudi na mama yake. Ndugu zangu, yule mtoto hakuzuiwa na nauli wala kiingilio cha zuu. Alizuiwa na kabichi.

HESABU YAKE IKOJE?

Anayeuza chakula kabla ya safari hupiga hesabu yake kwa mtoto anayekula kila mlo, kwa wakati, na kushiba sawa na mkubwa. Watoto wa safari si hivyo. Wa kwanza ametapika kwenye basi na hataki kuona chakula. Wa pili amekula gonja na muhogo wa kuchoma madirishani tangu Karuma, tumbo limejaa. Wa tatu ana miaka saba, anakula robo ya sahani. Wote wamelipiwa sahani nzima. Kile ambacho hakikuliwa ni faida ya muuzaji au ni chakula cha kutupwa, na Mola wetu ametukataza israfu katika Suratul A'raf, aya ya 31, pale pale alipotuamrisha kula na kunywa.

Tena njia yetu ni ndefu. Basi linaweza kupasuka tairi Kigumba, au kukwama Pakwach. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, na magari ya kwetu yakalazimika kuzunguka njia nyingine. Mwenye pesa mfukoni hula popote safari itakapomfikisha. Mwenye tiketi ya mlo hula mahali pamoja tu, saa moja tu, la sivyo hali.

Wala tusidhani hili ni la Uganda peke yake. Jamaa zetu walioko Marekani nao huulizana jambo hili hili wanapotaka kuwapeleka watoto Walt Disney World, kule Florida. Pale kuna mpango wa kulipia milo kabla. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Mgeni hupewa idadi ya milo kwa kila usiku anaolala, na asipoitumia yote, hufa usiku wa manane siku ya kuondoka. Mtoto akifikisha miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima. Lakini kule kule, wageni wanaruhusiwa kuingia na chakula chao wenyewe, mradi hakuna vyombo vya gilasi wala pombe. Kama kampuni kubwa kama ile inamwachia mgeni achague, iweje sisi kwa sisi, jirani kwa jirani, tusimwachie mjane achague?

DINI YETU NA KULIPA KABLA

Sisi si wanazuoni na hatutoi fatwa. Tunakumbushana yale ambayo masheikh wetu hutufundisha.

Kulipa kabla si haramu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na hata miwili kabla ya mavuno. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti: anayelipa kabla alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Hadithi hiyo ameipokea Ibn Abbas (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Hiyo ndiyo biashara ya salam. Biashara zenye mashaka ndani yake, yaani gharar, Mtume (s.a.w.) alizikataza.

Je, mlo wa safari ni salam kamili, au ni huduma kama kukodi chumba? Hilo tuwaachie wenye elimu. Hata hivyo, wanazuoni wametaja kwamba mashaka madogo husamehewa. Imam Nawawi ametoa mfano wa mtu anayelipa kuingia hamamu: mmoja atatumia maji mengi, mwingine machache, na bado malipo ni sahihi. Kwa hiyo hatuwezi kusema sahani ya kujipakulia mwenyewe ni haramu eti kwa sababu mmoja hula sana na mwingine kidogo.

Lakini tazameni barua zetu. Zinasema "chakula kitatolewa". Chakula gani? Kiasi gani? Kimepikwa na nani, nyama imechinjwa na nani? Tukichelewa itakuwaje? Wale wakulima wa Madina walipewa masharti juu ya tende, tunda ambalo kila mtu analijua. Sisi tunalipia nyama ya mji wa mbali bila sharti hata moja, kisha tunasema tumetawakal. Hiyo si tawakkul, ni uzembe.

Na hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Mteja ambaye bado ameshika pesa yake akiuliza "nani kachinja?", atajibiwa. Mwenye mkahawa atamwita mchinjaji, ataonyesha cheti cha halali cha Uganda Halal Bureau kama anacho, au atamwambia ukweli ili aende zake. Lakini aliyekwisha kulipa akiuliza, anaonekana msumbufu. Pesa iliyo mkononi ni ulimi. Ukiitoa kabla ya kuuliza, umejikata ulimi mwenyewe.

WANAOTETEA WANASEMA

Wapo wanaotupinga, na baadhi yao ni wake zetu na dada zetu, kwa hiyo tuwasikilize kwa makini.

Wanasema: akina mama nao wanataka kupumzika. Kweli kabisa. Safari ambayo mama anaamka saa tisa za usiku kukaanga mandazi ya watu arobaini si likizo kwake. Jibu letu ni kwamba kazi igawanywe, na wanaume waingie jikoni. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia wake zake kazi za nyumbani, kama alivyosimulia Bi Aisha (r.a.). Sisi ni nani hata tusiweze kukaanga karanga?

Wanasema: mtoto akipewa pesa mkononi ataila yote kwa soda na peremende. Kweli, basi asipewe yeye. Ikae kwa mwalimu au kwa mzazi anayeongoza, kwenye bahasha, na hesabu iandikwe.

Wanasema: chakula cha kubeba huharibika. Hili ni kweli na ni hatari. Wali au mchuzi wa nyama uliofunikwa kwenye ndoo ndani ya basi lenye joto kwa saa nane unaweza kuwaangusha watoto wote kwa kuhara. Basi tusibebe wali wala mchuzi. Tubebe vitu vikavu: mandazi, gurusa, chapati, karanga, simsim, viazi vitamu vya kuchemsha vya kuliwa mapema, ndizi mbivu, na maji ya kutosha. Wazee wetu walisafiri kwenda Sudan na Kongo kwa vyakula vya namna hiyo, wala hawakulala njaa. Chakula cha moto tutakinunua tukifika.

Wanasema: mahali pengine hawaruhusu kuingia na chakula. Ndiyo, zipo bustani za michezo zenye kanuni hiyo. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kuondoka, kisha watoto wale nje ya geti kabla ya kuingia. Bembea haitakimbia.

PALE TUNAPOKUBALI

Insafu ni katika dini, kwa hiyo tuseme na hili. Yako mahali ambapo kulipia kabla ni busara. Mfano ni mbuga ya Murchison Falls, ambayo kwetu iko karibu kuliko Entebbe, kwani ukivuka Nile pale Pakwach umefika jirani na geti la Tangi. Ukilala ndani ya mbuga hakuna soko, hakuna mkahawa wa jirani, na usiku huruhusiwi kuendesha gari ovyo kutafuta chapati. Hapo lipia milo yako kabla, lakini piga simu kwanza, waambie ninyi ni Waislamu, na kama hawana nyama ya halali waombe samaki, mayai na maharage. Samaki wa Nile hatuulizi nani kachinja!

Ila ukienda mbugani na kurudi siku hiyo hiyo, beba chakula chako na ukile ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nyani wa Paraa hawana haya. Watakuibia mandazi mkononi bila kupiga bismillah.

TUFANYE NINI?

Kwa madrasa, shule na kamati zote zinazopanga safari za watoto wetu, tunapendekeza haya:

1. Ada iandikwe sehemu mbili: nauli na viingilio upande mmoja, chakula upande mwingine. Mzazi achague.

2. Chakula kikilipiwa kabla, barua itaje ni chakula gani, wapi, saa ngapi, na nyama yake imechinjwa na nani. Likikosekana jibu la hilo la mwisho, milo iwe ya samaki au mboga.

3. Ratiba ya milo ifuate ratiba ya swala. Siku ya Ijumaa pasiwe na mlo saa saba.

4. Tukubaliane mapema na mwenye hoteli: tulipe arubuni ndogo, na sehemu kubwa tuilipe tukishakula. Anayekataa hilo ametuonyesha kitu.

5. Mtoto wa chini ya miaka kumi asilipiwe sahani ya mtu mzima.

6. Pasiwepo mtoto anayeachwa nyumbani kwa ajili ya chakula. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu. Basi lenye watoto arobaini haliwezi kushindwa kumlisha wa arobaini na moja.

Haya si ndoto. Safari iliyofuata tulijaribu. Wazazi wa Oli walileta mandazi na chapati, wa Koboko wakaleta karanga, simsim na gurusa, baba mmoja akatoa katoni za maji. Chakula cha moto tulikila Kisenyi mara mbili, baada ya kuuliza tulichotaka kuuliza na kujibiwa kwa uso mkunjufu. Tulipofunga hesabu, chakula chote kilikuwa kimegharimu shilingi 22,000 kwa kila mtoto, badala ya zile 60,000. Watoto walishiba, na mabaki tuliwagawia vijana waliokuwa wakiosha magari pale tulipoegesha.

Na yule binti wa Koboko alikuwa ndani ya basi, kiti cha dirishani. Alimwona simba. Aliporudi alimwambia mama yake kwamba simba alikuwa amelala tu, hakufanya lolote, na kwamba pilau ya Kisenyi ilikuwa na zabibu.

HITIMISHO

Ndugu zetu, hatusemi kila anayeuza chakula kabla ni mlaghai. Wengi ni watu wema wanaotafuta riziki. Tunasema Mwislamu asiridhike kulipia asichokijua, na jamaa ya Waislamu isikubali kupanga safari kwa namna inayomfungia nje mtoto wa maskini kwa sababu ya sahani ambayo mtoto wa tajiri ataiacha nusu.

Likizo ijayo barua ikija nyumbani, isomeni mpaka mstari wa mwisho. Muulizeni mwalimu: chakula ni kiasi gani peke yake? Nikijifungia, nitapunguziwa? Akisema haiwezekani, nendeni wazazi watano pamoja mkamwulize tena.

Tunamwomba Allah (s.w.) atulishe halali, atuepushe na israfu na ubahili, awalinde watoto wetu safarini na awarudishe salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.